Mshahara wa Mtu Si Mtaji Wako

Mwezi huu barua zimenifikia nyingi hapa Dranya, na karibu zote zinahusu kazi na fedha. Kilichonishangaza ni kwamba nyingi zimeandikwa na matajiri wenye kuajiri. Tumezoea kuona mfanyakazi ndiye analalamika, tajiri yuko kimya anahesabu. Safari hii hesabu zimewakataa.

Nianze na ile iliyo ndefu. Ameiandika dada wa huku kwetu mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Koboko, West Nile ya Uganda: simenti, mabati, nondo, misumari, rangi. Alikuwa na vijana watano. Tangu Krismasi wameondoka watatu, mmoja bila hata kuaga. Mauzo hayajashuka sana, maana wateja wa Kaya, Sudan Kusini, na wa Ingbokolo, Kongo, bado wanavuka mpaka kuja kununua, lakini kila mwisho wa mwezi akifunga hesabu faida haionekani. Anauliza: awaondoe na hawa wawili waliobaki, alete watoto wa ndugu zake kutoka kijijini, "ambao angalau ni damu yangu"? Halafu katikati ya barua, kama mtu anayetaja kwamba jana kulinyesha, anasema mishahara ya miezi miwili hajalipa kwa sababu fedha aliziongezea kwenye mzigo wa simenti. Kitu kikiharibika anakata. Mkataba wa maandishi hakuna, kwa kuwa "sisi hapa tunaaminiana".

Dada yangu, sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Fedha ulizoongezea kwenye simenti hazikuwa zako. Vijana wale walishazifanyia kazi. Mwezi ulipoisha zikawa zao, wewe ukazishika bila kuwauliza, ukaenda nazo kwa muuzaji wa jumla. Tuseme kila mmoja unampa laki mbili. Watu watano ni milioni moja, miezi miwili ni milioni mbili. Umechukua mkopo wa milioni mbili usio na riba, tena kwa watu maskini kuliko wote unaowajua. Na riba ipo, ila hulipi wewe. Kijana wako alikwenda kwa mkopeshaji wa mtaani kutafuta kodi ya chumba na karo ya mtoto, akaahidi kurudisha na nyongeza. Kila shilingi uliyochelewesha, yeye anailipia.

Unafikiri hilo halifiki dukani? Linafika. Mtu anayedaiwa kila kona hawezi kusimama kaunta roho imetulia. Akipigiwa simu anatoka nje. Mteja anasubiri, anachoka, anavuka barabara.

Hebu tuingie dukani kwako taratibu, kwa sababu nadhani hujapaangalia vizuri pale fedha zinapotokea kwenda nje.

Yule kijana aliyeondoka bila kuaga alikuwa anajua nini? Alikuwa anajua mabati. Mteja kutoka Yei, Sudan Kusini, akija hasemi "nipe geji 30". Anasema anataka bati gumu la kanisa, mvua ya mawe isilitoboe. Kijana mzoefu anajua geji 28 ni nene, 30 inafuata, 32 ndiyo nyembamba, kwamba namba ikipanda bati linapungua unene. Mgeni unayemchukua Jumatatu anaona namba kubwa anadhani ndilo bora. Anamuuzia mzee wa kanisa geji 32 kwa maneno matamu, lori linapakiwa, linapita mpakani Oraba, na baada ya msimu mmoja wa mvua jina la duka lako linatajwa kwa hasira upande wa pili wa mpaka. Hasara hiyo hutaiona katika daftari lolote. Hakuna mstari unaoandikwa "wateja ambao hawakurudi".

Alikuwa anajua simenti pia. Mzoefu anapanga mifuko juu ya mbao, mbali na ukuta, na inayotangulia kuingia ndiyo inayotangulia kuuzwa. Mgeni anaishusha chini sakafuni, anaiegemeza ukutani, mzigo mpya anauweka mbele ya ule wa zamani. Mvua za Agosti zikija ile ya chini imeshika unyevu na kuganda. Tuseme mfuko ni shilingi elfu arobaini. Ikiganda mitatu umepoteza laki moja na elfu ishirini, na wewe kwa hasira unamkata mgeni yule ambaye hakuna aliyemfundisha.

Kisha kuna ndimi. Koboko si mji wa lugha moja. Katika asubuhi moja kaunta yako inasikia Kikakwa, Kilugbara, Kinubi, Kiarabu cha Juba, Kilingala na Kiswahili, na mnunuzi huenda pale anapoeleweka. Kijana anayemudu nne kati ya hizo ni sehemu ya mtaji wako, na mtaji huo una miguu. Na daftari la madeni je? Wewe una majina na tarakimu. Kijana ndiye aliyejua kwamba "Mzee wa Lori" ni yupi kati ya watatu wanaoitwa hivyo, na kwamba hulipa baada ya kuuza ufuta, si kabla.

Jumlisha hayo, dada, ndipo uniambie faida imekwenda wapi.

Sasa hilo la damu yako. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndilo linaloua maduka mengi West Nile kuliko kodi na kuliko barabara.

Mtoto wa dada anakuja na begi lake. Unampa godoro nyuma ya stoo. Anakula kwako, anavaa ulichomnunulia Idi au Krismasi, anafungua duka alfajiri na kulifunga usiku. Mshahara hamjautaja, maana ni aibu kuutaja baina ya ndugu. Umemwambia tu: "Ukifanya vizuri nitakufungulia duka lako." Mwaka wa kwanza anafanya kazi kwa nguvu zote. Mwaka wa pili anaanza kukuangalia. Mwaka wa tatu ameona mchumba, hana hata mbuzi wa kupeleka, akikuomba unamwambia biashara ngumu, na yeye ndiye anayehesabu fedha kila jioni, anajua kama ni ngumu au si ngumu. Hapo anaanza kujilipa. Kilo moja ya misumari haiandikwi. Nondo mbili zinapitia mlango wa nyuma. Ukimuuliza moyoni mwake atakuambia hajaiba, anachukua chake polepole. Na siku ukigundua humwezi: ukimpeleka polisi ukoo mzima unakugeuka, ukimwacha duka linakwisha.

Nimeona nyumba zimegawanyika kwa jambo hilo hadi msibani watu wanakaa kwenye mikeka tofauti.

Kwa hiyo jibu langu: ndugu mwajiri ukitaka, lakini mwajiri. Kaeni na mzee mmoja wa familia, mtaje mshahara kwa shilingi, mtaje chakula na malazi kama ni zawadi au ni sehemu ya malipo, mtaje siku ya kulipa na siku ya kupumzika, muandike, wote mtie saini. Atakayekuambia kuandikiana ni kutoaminiana, mkumbushe kwamba hata mahari tunaijadili mbele ya mashahidi ng'ombe kwa ng'ombe, na hakuna aliyesema mkwe ametukanwa. Na mshahara apewe mwenye kuufanyia kazi. Hii tabia ya kutuma mshahara wa msichana wa kazi kwa baba yake kijijini, yeye mwenyewe akabaki kuomba fedha ya sabuni, mimi siipendi na sitaipenda. Tuma kwenye simu yake. Ujumbe wa simu ni risiti, unakulinda na wewe.

Kuna wasomaji watasema: Dada, haya ni maneno ya huruma, biashara ni biashara. Basi tuwaache wenye huruma, twende kwa Henry Ford, ambaye hakuna aliyewahi kumtuhumu kwa upole. Mwaka 1913 kiwanda chake cha magari kule Marekani kilihitaji watu kama 14,000, lakini ili kuwa nao hao aliajiri zaidi ya 52,000 mwaka huo mmoja, kwa kuwa watu waliingia na kutoka kama abiria wa stendi. Kila anayeingia anafundishwa, anaharibu vitu, halafu anaondoka. Januari 1914 akatangaza dola tano kwa siku ya saa nane. Kabla ya hapo walipata chini ya nusu yake kwa saa tisa. Wenye viwanda wenzake walimwona amerukwa na akili. Kuacha kazi kukapungua sana, uzalishaji ukapanda, na miaka iliyofuata faida yake ikaongezeka. Lakini msimfanye mtakatifu. Kuupata ule mshahara kulikuwa na masharti, na alituma wakaguzi majumbani kuangalia kama mfanyakazi analewa na nyumba yake ni safi. Mimi hapo ningechukua begi langu.

Wasomi nao wamelifukua jambo hili kwa takwimu. Mark Huselid alichapisha mwaka 1995 utafiti wa karibu kampuni elfu moja za Marekani, akaona kwamba pale penye utaratibu mzuri wa kuajiri, kufundisha, kulipa na kusikiliza malalamiko, watu hawaondoki ovyo, kila mfanyakazi anazalisha zaidi, na hesabu za kampuni zinapendeza. Alex Edmans akatazama kampuni zilizotajwa kuwa mahali bora pa kufanyia kazi kuanzia 1984 hadi 2009, akakuta hisa zao ziliwapa wenye nazo zaidi ya wastani wa soko. Sasa mwenye akili atauliza: je, kuwatendea watu vizuri kumeleta fedha, au waliokuwa na fedha ndio waliomudu kuwatendea watu vizuri? Swali halali kabisa, na wasomi wenyewe hawajaacha kubishana. Mimi naona vyote viwili vinavutana. Ila dukani kwako hilo halibadilishi neno, maana sikuambii uwajengee bwawa la kuogelea. Nakuambia uwape walichokwisha kukifanyia kazi.

Kama mifano ya Marekani iko mbali, njoo hapa Afrika Mashariki, ambako tumeona upande wa pili, yaani gharama ya kutowaangalia watu wako wanafanya nini kwa jina lako. Kakuzi ni shamba kubwa la maparachichi kule Murang'a, Kenya. Watu 79 walikwenda mahakamani London wakidai walinzi wa shamba hilo waliwapiga watu, walibaka, na kwamba kuna aliyeuawa. Oktoba 2020 Tesco na maduka mengine makubwa ya Uingereza yakasimamisha kununua maparachichi yake. Mwaka uliofuata kampuni mama, Camellia, ikakubali kuimaliza kesi kwa gharama ya hadi pauni milioni 4.6. Februari 2023 BBC ikatoa habari za wanawake wa mashamba ya chai ya Kericho waliosema wasimamizi waliwadai ngono ndipo wapewe kazi, na Starbucks ikasimamisha ununuzi kutoka James Finlay Kenya. Chai ilikuwa ile ile, maparachichi yale yale. Kilichooza ni namna msimamizi alivyopewa mamlaka juu ya mwenye njaa, na hakukuwa na mlango mwingine wa kupeleka malalamiko.

Kwetu Uganda tunalo la Kamwenge. Desemba 2015 Benki ya Dunia ilifuta fedha zake za mradi wa barabara uliohusisha Kamwenge hadi Fort Portal, baada ya malalamiko ya wananchi kwamba wafanyakazi wa mkandarasi walikuwa wanawaharibu wasichana wa shule. Mradi wa mamilioni ya dola ukasimama kwa tabia ya watu walioajiriwa bila kusimamiwa. Ninyi wenye loji, hoteli na mikataba midogo midogo kando ya barabara ya Koboko–Yumbe–Moyo, ambayo fedha zake zinatoka benki hiyo hiyo, msidhani hilo ni la wakubwa peke yao. Muulizeni mhudumu wenu wa kike, kwa faragha, kama yuko salama na msimamizi wake. Na kabla ya kuuliza, jiandaeni kusikia jina la mtu mnayempenda.

Nirudi kwa dada wa simenti, maana ameuliza pia kuhusu sheria, kwa sauti ya mtu anayetarajia kuambiwa sheria ni ya kampuni kubwa za Kampala. Hapana, mdogo wangu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inafika hadi kaunta yako. Mfanyakazi anastahili kupewa maelezo ya ajira yake kwa maandishi ndani ya wiki 12 tangu aanze. Muda wa majaribio ni miezi sita, huwezi kumweka mtu majaribio miaka miwili kama wengine mnavyofanya. Kila wiki ana siku nzima ya kupumzika. Likizo ya mwaka inafika siku 21. Mama aliyejifungua ana siku 60 za kazi zenye mshahara. Anayetimiza mwaka mmoja kazini hajafika mitano, humwondoi bila notisi ya mwezi mmoja. Makato yaliyoruhusiwa ni machache na yametajwa, kama kodi na michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, na mengine mpaka mwenyewe ameridhia kwa maandishi. Faini ya ndoo ya rangi iliyomwagika haimo humo nilimosoma.

Na kuna kifungu kimoja nakipenda kuliko vyote. Kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa au kwa uzembe, unatakiwa umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, naye awe na mtu aliyemchagua kukaa naye akisikiliza, kisha umsikilize. Kwa lugha anayoielewa! Fikirini mji wetu huu, watu wangapi wamefukuzwa kwa Kiingereza.

NSSF sasa. Zamani mwenye wafanyakazi wasiozidi wanne alikuwa anajificha nyuma ya sheria, lakini tangu marekebisho ya 2022 kila mwajiri anahusika, hata mwenye mtu mmoja. Mfanyakazi anatoa asilimia 5, wewe unaongeza 10, na fedha zinatakiwa ziwe zimefika kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Najua hapo ndipo mnapokunja uso. Haya, tupige hesabu ya duka letu. Mishahara ni milioni moja kwa mwezi, asilimia 10 ni laki moja. Hiyo ni mifuko miwili na nusu ya simenti. Ile mitatu tuliyosema, ikigandia ukutani kwako kwa mikono ya mgeni, huandiki barua kwa yeyote.

Msomaji mwingine, mwanaume, mwenye duka kama hilo hilo Arua, ananibana vizuri. Anasema jirani yake halipi NSSF, hawapi watu mapumziko, na anauza simenti kwa bei ya chini kidogo. "Mimi nikiwa mwema, Dada, si nitafunga?" Nakujibu kwa unyoofu: kuna biashara ambazo mshahara ndio gharama kubwa, na huko mwenye kuwanyonya watu anaweza kukutangulia kwa muda mrefu, na dawa yake ni serikali kumbana, si wewe kuwa shujaa. Kima cha chini cha mshahara nchini mwetu ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kiliwekwa 1984 na hakijaguswa. Bunge lilipitisha muswada mpya 2019, Rais akakataa kuusaini. Kwa hiyo ushindani wa kulipa kidogo hauna sakafu. Lakini duka la vifaa si biashara ya namna hiyo. Fedha yako kubwa imelala kwenye mzigo. Mishahara ni kipande kidogo. Jirani akikushinda bei, tazama kwanza ananunua wapi na anasafirisha kwa lori la nani, usikimbilie shingo ya kijana wako. Na mpe jirani muda. Mwangalie amebadilisha sura ngapi kwenye kaunta.

Wazee wetu wa Dranya waliolima tumbaku wanalijua hili la kucheleweshewa malipo bila kusoma kitabu. Unapeleka majani, yanapimwa, yanapewa daraja, unaambiwa subiri malipo. Unasubiri hadi shule zinafunguliwa. Msimu unaofuata anapopita mnunuzi mwingine na fedha mkononi, majani yanauzwa usiku, hata kama mbegu na mbolea zilitoka kwa yule wa kwanza. Kampuni zinawaita wakulima hao si waaminifu. Mimi nawaita watu wenye watoto.

Jambo jingine sitalipita. Baadhi yenu mmeniandikia kwa kujisifu kwamba mnawachukua vijana wa kambi ya wakimbizi ya Lobule au wale waliokimbia Sudan Kusini wanaoishi mjini, mnawalipa nusu ya mwenyeji kwa sababu "hana pa kwenda". Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inawaruhusu kufanya kazi. Hakuna mahali imesema kwa nusu bei. Tena ndiye anayeongea Kiarabu cha Juba na wateja wako wa Kaya, ndiye anayejua ni nani Yei anajenga na nani anapiga maneno tu. Mnafaidi ulimi wake kamili na kumlipa nusu mdomo? Baada ya vita vya 1979, wazazi wetu ndio waliokuwa wamevuka kwenda Sudan na Zaire, wakilima mashamba ya watu kwa bakuli la mihogo. Waulizeni nyumbani ni majina gani ya matajiri wa wakati ule wanayataja kwa heshima hadi leo, na yapi wakiyasikia wanatema mate.

Basi, dada wa simenti, ufanye nini? Usiwaondoe waliobaki. Walipe malimbikizo wiki hii, hata kama ni kuuza mzigo kwa faida ndogo, dawa ya deni ni kulipa. Usiwaite kikao kirefu cha kuomba radhi. Fedha iingie kwanza kwenye simu, maneno yafuate. Kisha chagua tarehe ya mshahara na uifanye kama tarehe ya sala: mvua inyeshe, mpaka ufungwe, tarehe ni hiyo. Fedha za mishahara zitenge kila Jumamosi, robo kwa robo, kwenye laini ya simu isiyo ya biashara, ili mwisho wa mwezi usianze kuzitafuta kwenye simenti.

Acha makato ya vitu vilivyoharibika, lakini usiache kuhesabu. Hesabuni stoo pamoja kila Jumamosi jioni, wewe na wao, mtie saini kwenye daftari. Upungufu ukionekana wiki hiyo hiyo utajua umetokea wapi; ukingoja mwezi uishe, kila mtu anakuwa mwizi na hakuna mwizi. Wema bila daftari nao unafilisi, nimewaona watu wenye roho nzuri wakifunga maduka. Mzoefu mmoja mpe cheo na nyongeza ndogo kwa kazi ya kumfundisha mgeni mambo ya geji na kupanga mifuko, na hapo ile mifuko mitatu imerudi.

Na wale watatu walioondoka? Watafute, uwalipe wanachokudai. Mmoja anaweza kurudi, usimshurutishe. Wakiomba cheti cha huduma, kwamba walifanya kazi kwako tangu lini hadi lini na kazi gani, waandikie, ni haki yao kisheria. Hata yule ambaye hakuaga. Mtu anayedai miezi miwili haagi.

Watoto wa ndugu zako waache kijijini mpaka utakapokuwa tayari kuwaajiri.

Nina nafasi ya barua mbili fupi.

Kijana wa Arua anasema ameahidiwa kazi ya muda katika mradi mmoja wa makambi ya wakimbizi, ila anayesimamia orodha anataka laki tano kwanza. Usitoe, mdogo wangu. Nafasi ya mtu mmoja huwa imeuzwa kwa watu sita, na wote hamtakuwa na pa kushtaki kwa sababu wote mmehonga. Hata ukiipata utaanza kazi ukiwa na deni, na yule bwana atakujua kuwa ni mtu wa kutoa. Hifadhi ujumbe wake. Mashirika mengi yana namba ya malalamiko imebandikwa ukutani ofisini na kwenye vituo vya kambi, itumie, na usipitie kwa rafiki yake. Ninyi wakuu wa miradi mnaosoma hapa, mkishangaa kwa nini takwimu zenu za uwanjani hazina kichwa wala miguu, anzieni kwenye orodha ya majina: nani aliingia kwa kujua kazi, na nani aliingia kwa laki tano.

Ya mwisho imetoka kwa mwenye karakana ya kuchomelea mageti. Fundi wake amepata mtoto, anaomba siku nne, na yeye anaona ni uvivu, maana "aliyezaa ni mkewe". Mpe, kaka. Siku nne za kazi baba anapewa kisheria, na mshahara juu yake. Na siku akirudi usimpe kuchomelea kwanza, macho yatakuwa mazito ya kukesha. Mtume akanunue vyuma.